Kuzima Data Si Kukosa Shukrani

*Dada, nina miaka 27, nauza vitenge Instagram. Miezi mitatu iliyopita bodaboda niliyopanda iligongwa na gari, nikavunjika mfupa wa paja. Nimewekewa chuma, sasa niko kwa mama Morogoro, natembelea magongo. Ndugu na marafiki walinichangia kupitia grupu la WhatsApp. Shida yangu ni simu. Naperuzi mpaka saa tisa usiku, naona wenzangu wanafungua maduka, wanaolewa, mimi nimelala tu. Nilipoposti picha nikiwa na magongo, mtu akaandika natafuta huruma ili nichangiwe tena. Nataka kutoka mitandaoni mpaka nipone, lakini shangazi anasema huko ni kuwakimbia walionisaidia. Nifanyeje? – Msomaji wa Kihonda*

Mdogo wangu, pole sana. Toka mitandaoni. Nakujibu hilo mapema ili usisome huku moyo ukidunda. Kilichobaki ni namna ya kutoka bila kuwaumiza watu wako na bila kujifungia peke yako.

Kwanza huo mguu, maana naona umeanza kujilaumu kama mtu mvivu. Paja lina mfupa mrefu na imara kuliko mwingine wowote mwilini, na kwa mtu mzima huchukua miezi mitatu hadi sita kuunga, wakati mwingine zaidi. Damu huganda palipovunjika, kikajengeka kiungio laini, kisha hicho kikakomaa polepole kuwa mfupa mgumu. Chuma kinashikilia tu vipande visisogee. Kuunga ni kazi ya mwili wako, na mwili unaifanya hata saa hizi unaposoma. Hujachelewa popote. Hao unaowaona wakifungua maduka hawana kazi hiyo.

Kinachonitia hofu ni hiyo saa tisa ya usiku. Asiyelala husikia maumivu zaidi, na mwenye maumivu hapati usingizi. Simu inaingia hapo katikati na kuyachochea yote mawili. Mwanga wake huchelewesha homoni inayoleta usingizi, na komenti ya mtu asiyekujua hubaki kichwani hata ukishazima kioo. Asubuhi unaamka umechoka, mazoezi unayaruka, goti linakakamaa. Tena kuna jambo hukuliandika, lakini nakuuliza: zile video za ajali zinazorushwa kwenye magrupu, huwa zinakufikia? Aliyegongwa barabarani hapaswi kuletewa ajali kitandani. Kama unaota ajali ile, au unashtuka kila ikilia honi, na sasa imepita miezi mitatu, mweleze daktari siku ya kliniki. Hilo nalo ni jeraha, na linatibika.

Sasa shangazi. Msikilize, kwa sababu amesema kweli kwa nusu. Kwetu mchango hauishii kwenye fedha. Aliyetuma elfu tano aliitoa kwenye nauli yake au kwenye mboga ya watoto, na ana haki ya kujua mgonjwa wake anaendeleaje. Lakini anachokudai ni habari na ahsante. Hakudai picha yako kila wiki, wala hakununua haki ya kukuona mtandaoni usiku wa manane. Rekodi ujumbe wa sauti, watu wasikie kwamba ni wewe mwenyewe. Washukuru, waeleze fedha zilifanya nini, kuanzia matibabu hadi nauli za kliniki, na waambie utakuwa kimya kwa muda ili upone. Kisha mtaje atakayekuwa anawapa taarifa kila ukitoka kliniki. Mwombe shangazi awe huyo msemaji. Nadhani atakubali, na lawama zake zitapata kazi ya kufanya.

Kuaga waziwazi kunaheshimika hata kwa watu maarufu. Virgil van Dijk, beki wa Liverpool, aliumia goti Oktoba 2020. Mei 2021 alitangaza mwenyewe kwamba hatakwenda na Uholanzi kwenye mashindano ya Euro, kwa sababu bado anauguza goti. Nchi nzima ilimhitaji, naye akasema hapana. Agosti alikuwa uwanjani, ligi ilipoanza.

Wateja nao uwaage hivyo hivyo. Muuza nguo wa mtandaoni akinyamaza ghafla huitwa tapeli, kwa hiyo kabla ya kuzima chochote, mrudishie fedha au mtumie mzigo kila aliyekwisha kulipa. Halafu weka tangazo moja kwamba hupokei oda mpya kwa sasa. Akaunti usiifute, ondoa programu kwenye simu, inatosha. WhatsApp ibaki kwa ajili ya simu za ndugu, ila nyamazisha magrupu na stetasi, na uzuie picha na video zisijipakue zenyewe. Usiku simu ilale chumbani kwa mama.

Na kwa kuwa kuna gari lililowagonga: tunza fomu ya PF3 na karatasi zote za hospitali, wala usiandike lolote kuhusu ajali ile mtandaoni. Sheria inalazimisha magari barabarani kuwa na bima ya kumlinda mtu wa tatu, na aliyeumia anaweza kudai fidia. Muulize wakili au ofisi ya msaada wa kisheria mapema.

Ukishatoka, nafasi ile usiiache tupu, maana ukimya wa chumbani unaweza kuumiza kuliko komenti. Waite wageni. Mwambie rafiki mmoja aje Jumamosi mkae barazani, asikupe pole tu, akupe na umbea wa mjini. Fanya mazoezi uliyofundishwa kwa saa ileile kila siku, mama akiwa karibu.

Lakini huzuni ikikukalia wiki mbili mfululizo hata baada ya kuiweka simu pembeni, au likikujia wazo la kutotaka kuishi, mwambie mama siku hiyohiyo na mwende hospitali. Usingoje tarehe ya kliniki.