SOMO LA ROBO HII: Kufungua Mafaili ya Ofisi Ukiwa Mbali



Katibu wa kamati ya mradi pale Madaba anahitaji orodha ya yatima na wajane wanaosaidiwa. Ina majina, hali za afya na kiasi alichopokea kila mmoja, nayo imo katika kompyuta ya ofisi, Songea. Zamani ingewekwa kwenye flashi na kupewa kondakta wa basi. Flashi ikipotea, siri za watu zimepotea nayo.

Njia mojawapo iliyo salama zaidi ni mtandao binafsi, yaani VPN. Programu katika kompyuta ya katibu hufungua njia ya faragha ndani ya intaneti hadi ofisini. Kinachopita humo hugeuzwa fumbo, na ufunguo wa kulifumbua uko pande mbili tu. Anayechungulia katikati huona kwamba mnawasiliana, lakini hawezi kusoma.

Tuelewe pia mipaka yake. VPN haizuii virusi, wala mwizi anayejua nywila yako. Kompyuta ya kafe inaweza kunasa unachoandika kabla hakijafumbwa. Kwa hiyo tumieni kompyuta ya mradi tu. Jihadharini na VPN za bure, kwa kuwa mawasiliano yako hupita mikononi mwa mtu usiyemjua.

Kuna upande wa sheria. Oktoba 2023, TCRA iliwataka wanaohitaji VPN kwa kazi zao watoe taarifa kabla ya tarehe 30 mwezi huo. Kwa kutumia teknolojia ya kufikia maudhui yaliyokatazwa, Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni za 2020 ziliweka faini isiyopungua shilingi milioni 5, kifungo kisichopungua miezi 12, au vyote viwili. Aidha, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inamtaka anayekusanya taarifa za watu azilinde. Basi, kabla ya kuanza, ofisi ihakikishe taratibu za TCRA zimetimizwa.

Ya kujadili katika kamati:
1. Nani ana nywila, na hubadilishwa lini?
2. Mhusika akihama, nani humfungia njia?
3. Kompyuta ikiibwa leo, nani apigiwe simu kwanza?

Mjane aliyetueleza habari zake alituamini. Tusimwangushe.