Tairi za Pikapu ya Kikundi: Tuchague kwa Barabara na Mzigo, Si kwa Macho

Vikundi vingi hapa Murang'a vimejinyima miaka mingi ili kununua pikapu. Watu walianza na mchango mdogo wa kila wiki, wakauza maziwa, ndizi na avokado, wakaweka shilingi juu ya shilingi. Siku pikapu inapofika kila mtu hufurahi, na hakuna anayekumbuka tairi. Halafu tairi zinakuwa kipara, pesa hazipo, na mweka hazina anaulizwa maswali ambayo hayakuwa yake peke yake.

Somo la toleo hili ni namna ya kuchagua tairi. Tunajua wengine watasema, "Hiyo ni kazi ya dereva." Sivyo. Pikapu inagusa barabara kwa sehemu nne tu, na kila moja ni ndogo kuliko ukurasa huu unaosoma. Juu ya sehemu hizo nne kuna dereva, mzigo wa wanachama wote, na pesa za miaka mingi. Basi jambo hili ni la mkutano mzima.

1. Kwanza tujue barabara yetu

Nchi yetu ni ya migongo na mabonde. Mito kama Mathioya na Maragua inashuka kutoka milima ya Aberdare, na barabara zetu zinapanda na kushuka kati ya mito hiyo. Kule juu kwenye majani chai, upande wa Kangema, Mathioya na Kigumo, udongo ni mwekundu na mzito, na mvua ikinyesha unateleza kama sabuni. Kule chini, upande wa Makuyu na Kambiti, kuna ukavu zaidi, na shida kubwa ni vumbi, mawe na miiba. Mvua ndefu huja Machi hadi Mei, na zile fupi Oktoba hadi Desemba. Wazee wanakumbuka jinsi mvua za El Niño za 1997 na 1998 zilivyoharibu barabara, na sisi sote tunakumbuka mvua za mwaka wa 2024.

Lakini barabara nyingi sasa zina lami. Pikapu inayotoka shambani na matope asubuhi inaweza kuwa kwenye lami ya kwenda Thika kabla ya saa nne. Kwa hiyo, kabla ya kwenda dukani, dereva aandike kwa wiki mbili: kila siku ametembea kilomita ngapi kwa udongo, na ngapi kwa lami. Usikadirie kwa kichwa. Siku moja ya kukwama hukumbukwa na kila mtu, lakini siku ishirini za kupita salama kwenye lami hakuna anayezihesabu.

2. Aina tatu za tairi

Ukiangalia ubavu wa tairi za pikapu, mara nyingi utaona herufi mbili.

H/T ni tairi ya lami. Meno yake ni madogo na yamekaribiana. Hailii sana, haili mafuta mengi, na kwenye lami hudumu. Ikiingia kwenye udongo mwekundu uliolowa, mifereji yake hujaa mara moja, ikabaki laini kama yai.

M/T ni tairi ya matope. Meno yake ni makubwa na yameachana, ili matope yaruke nje gurudumu likizunguka. Kwenye tope zito hii ndiyo yenyewe. Lakini kwenye lami inapiga kelele, inakula mafuta zaidi na inaisha haraka. Tena kwenye lami yenye maji huchelewa kusimama ukishika breki. Vijana wengi huipenda kwa sababu gari huonekana kali. Mwenyekiti, hapa usiwe na haraka: sura ya gari hailipi deni la kikundi.

A/T ni tairi ya barabara zote. Iko katikati ya hizo mbili. Meno yake ni makubwa kuliko ya H/T, na ubavu mara nyingi ni mgumu kidogo, lakini bado inatulia kwenye lami. Haishindi H/T kwenye lami wala M/T kwenye matope, lakini inaweza kazi zote mbili.

Wacha tuseme pikapu yenu inatembea kilomita 80 kwa siku: kilomita 20 za udongo mkikusanya maziwa na avokado, na kilomita 60 za lami kupeleka sokoni na kurudi. Kwa kazi kama hiyo A/T ndiyo inafaa. Kama gari halitoki kabisa kwenye barabara za mashamba ya chai, M/T inaweza kufaa. Na kama linalala na kuamka kwenye lami, nunueni H/T na mhifadhi pesa zenu.

3. Kusoma ubavu wa tairi

Kila tairi imeandikwa habari zake ubavuni. Mwanachama yeyote anayejua kusoma nambari anaweza kuzielewa.

(a) Ukubwa. Tuchukue mfano wa 265/65R17. Nambari 265 ni upana wa tairi kwa milimita. Ile 65 inasema kimo cha ubavu ni asilimia 65 ya upana huo. R ni namna nyuzi za ndani zilivyopangwa. Na 17 ni ukubwa wa rimu kwa inchi. Nunueni ukubwa ulioandikwa kwenye kibandiko cha gari, ambacho mara nyingi kiko kwenye nguzo ya mlango wa dereva. Msidanganywe kwamba tairi pana zaidi lazima ishike zaidi. Tairi pana huweza kuelea juu ya tope jepesi, wakati nyembamba inakata na kufika udongo mgumu ulio chini.

(b) Uzito. Baada ya ukubwa kuna nambari nyingine, kama 112S. Hiyo 112 si kilo 112. Ni nambari ya jedwali, na maana yake ni kwamba tairi moja inabeba hadi kilo 1,120. Nambari 100 ni kilo 800, na 108 ni kilo 1,000. Herufi S ni mwendo wa juu kabisa wa tairi, kilomita 180 kwa saa, mwendo ambao hatuutaki milimani kwetu.

Hapa ndipo vikundi vingi huumia. Tuseme pikapu yenu imebeba tani moja, na ekseli ya nyuma inakaliwa na kilo 1,700. Kila tairi ya nyuma ina kilo 850. Mkipanda mlima, uzito unarudi nyuma zaidi. Tairi yenye nambari 100 tayari imezidiwa, hata kama ni mpya na inang'aa. Kwa gari la mizigo tafuteni tairi yenye alama ya C au LT, kwa sababu imetengenezwa kwa kazi nzito. Na bado hiyo si ruhusa ya kupakia kuliko gari lenyewe linavyoweza.

(c) Umri. Tafuteni neno DOT, na mwisho wake nambari nne. 1424 maana yake ni wiki ya 14 ya mwaka wa 2024. Tairi huzeeka hata ikikaa dukani bila kutumika, kwa maana mpira hukauka na kupasuka. Kiwanda cha Nairobi kilichotengeneza tairi za Firestone na baadaye Yana kilisimamisha kazi hiyo mwaka wa 2016, na tairi tunazouziwa siku hizi zimetoka mbali na kukaa maghalani. Kwa hiyo msione haya kusoma tarehe mbele ya mwenye duka. Watengenezaji wengi hushauri tairi ikipita miaka 5 ikaguliwe na fundi kila mwaka, na ikifika miaka 10 itolewe hata kama meno bado yapo.

4. Hesabu ya mweka hazina

Sasa tuje kwa pesa. Bei hubadilika, kwa hiyo hesabu hii ni ya mfano tu. Wekeni bei mlizoulizia wenyewe katika maduka matatu.

Tairi ya kwanza: Sh 14,000 kila moja. Nne ni Sh 56,000. Zinadumu kilomita 25,000.

Tairi ya pili: Sh 22,000 kila moja. Nne ni Sh 88,000. Zinadumu kilomita 50,000.

Kwenye mkutano, wengi watapigia kura zile za Sh 56,000. Lakini gaweni kwa kilomita. Za kwanza zinawagharimu Sh 2.24 kwa kila kilomita. Za pili ni Sh 1.76. Pikapu ikitembea kilomita 2,000 kwa mwezi, itamaliza kilomita 50,000 kwa miezi 25. Katika muda huo mtanunua zile za kwanza mara mbili, jumla Sh 112,000. Ile "rahisi" imewala Sh 24,000 zaidi.

Si kila tairi ya bei kubwa hudumu. Ndiyo sababu tunawaomba muwe na daftari. Andikeni siku tairi ilipofungwa, jina lake, bei, na kilomita zilizokuwa kwenye dashibodi. Ikiisha, mtajua ukweli wake kuliko maneno ya muuzaji.

Na pesa zitoke wapi? Sh 88,000 gawanya kwa miezi 25 ni Sh 3,520 kwa mwezi. Zitengwe kutoka kwa mapato ya pikapu yenyewe, ziandikwe peke yake, wala zisikopeshwe mtu. Haba na haba hujaza kibaba. Kikundi kisichotenga pesa hizi hakijapata faida bado, kinakula tairi zake pole pole.

5. Tairi zilizotumika

Tunajua wakati mwingine pesa ni kidogo na mtanunua zilizotumika. Basi ziangalieni mchana, si jioni. Ingizeni mkono ndani mpapase kama kuna kiraka kikubwa. Tazameni ubavu: ukiwa na nyufa au uvimbe, iacheni. Someni tarehe. Na mkiona meno yamechongwa upya kwa kisu cha moto, ondokeni dukani. Tairi ya pikapu haikutengenezwa ichongwe, na mpira uliobaki hapo ni mwembamba mno.

Ndani ya mifereji kuna vinundu vidogo. Meno yakilingana navyo, yamebaki milimita 1.6, na tairi imekwisha. Kwa milima yetu msingoje hapo. Yakibaki milimita 3 au 4, anzeni kutafuta nyingine kabla mvua haijaanza.

6. Kuzitunza

Upepo upimwe kila wiki, asubuhi kabla gari halijatembea. Kibandiko cha mlangoni kinaonyesha upepo wa gari tupu na wa gari lenye mzigo. Tairi yenye upepo kidogo hujikunja, hupata moto, na mwishowe hupasuka. Nunueni geji yenu wenyewe.

Someni jinsi tairi inavyoisha. Ikiisha kando zote mbili, upepo ni kidogo. Ikiisha katikati, upepo umezidi. Ikiisha upande mmoja, magurudumu hayako sawa, peleka kwa fundi ayanyooshe.

Kila kilomita 10,000 hivi zibadilishwe nafasi, za mbele na za nyuma. Mkiweza kununua mbili tu, mpya zifungwe nyuma. Nyuma ikiteleza kwenye kona ni vigumu dereva kuirudisha. Lakini pikapu inayovuta kwa magurudumu manne lazima iwe na tairi nne zinazolingana, la sivyo gia zake zitaumia. Na msisahau spea. Spea kipara ni sawa na kukosa spea.

7. Siku ya utelezi

Tuseme wazi: hakuna tairi inayoshinda udongo mwekundu uliolowa kila siku. Kwa siku mbaya wekeni minyororo kwenye magurudumu yanayovuta, mwende pole pole, na mkifika lami mwitoe. Kama mteremko ni mbaya sana, gari lingoje juu na mzigo ubebwe kwa mikono hadi lilipo. Watu wasipande juu ya mzigo, hata kama ni karibu na nyumbani. Maziwa yakimwagika tutakamua mengine kesho.

Maswali ya kujadiliana

1. Pikapu yetu inatembea kilomita ngapi za udongo na ngapi za lami kwa wiki?

2. Someni ubavu wa tairi zote tano, pamoja na spea. Zilitengenezwa mwaka gani? Kila moja inabeba kilo ngapi?

3. Mzigo wetu mkubwa kabisa ni kilo ngapi, na nani ana uwezo wa kumwambia dereva asiongeze?

4. Tunatenga shilingi ngapi kila mwezi kwa tairi? Kama hatutengi, tutaanza mwezi gani?

Katibu aandike majibu kwenye kumbukumbu za mkutano, na yasomwe tena mwishoni mwa Februari, kabla ya mvua ndefu.