Kuandaa Ua wa Nyumba kwa Gharama Nafuu

Ua wa kupumzikia hauhitaji samani za bei kubwa. Kwa kaya za Moshi na miteremko ya Kilimanjaro, mahitaji mengi hupatikana jirani.

Benchi: Mabanzi ya mgrevilea kutoka kwa wapasua mbao hugharimu kidogo kuliko mbao kamili. Yakaushwe kivulini kabla ya kupigiliwa misumari, na miguu ya benchi isimame juu ya mawe ili mchwa na unyevu wa masika visiiharibu.

Vyungu vya maua: Matairi chakavu yanafaa, mradi yatobolewe chini na kujazwa udongo. Maji yakituama ndani yake, mbu waenezao homa ya dengue huzaliana humo.

Uzio: Masale huchipua kutokana na vipande vya shina, hivyo jirani anaweza kumgawia jirani bila malipo. Hata hivyo, masale ya kihamba ni alama ya mpaka tangu enzi za mababu. Yasing'olewe wala kusogezwa kwa ajili ya kupanua ua kabla ya majirani kukubaliana mbele ya mashahidi. Panapokuwa na shaka, ofisi ya kijiji iulizwe kwanza, kwani mgogoro wa mpaka hugharimu kuliko samani yoyote.