Mlango wa Tatu, Wadogo Zangu

Haya, wadogo zangu wa Theta, Juja, Ruiru na Thika, sogeeni tuongee. Kila muhula swali ni lile lile: "Dada, nimalize masomo nitafute kazi kwanza, au nikubali ruracio, yaani mahari, mapema kabla mpenzi wangu hajaniacha?" Mnauliza kana kwamba milango ni miwili tu. Mimi naona wa tatu, na huo ndio wengi wenu mnaouingia bila kubisha hodi: njoo-tukae, kuishi naye bila ndoa.

Mnajua mambo yanavyoanza. Hosteli ni ghali, naye mpenzi wako ana bedsita yake Gachororo, hatua chache kutoka chuo cha JKUAT. Kwanza unakwenda wikendi. Kisha nguo zinahamia moja moja, kisha sufuria. Ukifika mwaka wa tatu unampikia githeri akitoka kazini, unakosa darasa la saa moja asubuhi, na hakuna mzazi wa upande wowote aliyeulizwa neno. Hapo hujachagua kazi wala ndoa. Kodi ya nyumba ndiyo iliyokuchagulia.

"Lakini dada, tukikaa sana si sheria itatutambua?" Usiegemee hapo. Tarehe 27 Januari 2023 Mahakama ya Juu iliamua kesi ya watu wawili waliokuwa wameishi pamoja miaka mingi. Majaji walisema kudhania kwamba kuna ndoa kwa sababu tu watu wanaishi nyumba moja ni jambo la kufanywa kwa nadra, tena kwa masharti makali. Wawili wale hawakuhesabiwa kuwa mume na mke, na mali ikagawanywa kwa kutazama mchango wa kila mmoja. Sasa wewe wa bedsita, mchango wako utauonyesha kwa risiti gani? Za nyanya na vitunguu?

Hata mbuzi wa ruracio wakifika kwenu salama, msiishie kwenye picha. Sheria ya Ndoa ya 2014 inatambua ndoa za kimila, ila inataka zisajiliwe, na msajili ajulishwe ndani ya miezi mitatu baada ya taratibu kukamilika. Tafuteni cheti.

Kuhusu kazi, nawasikia mama na shangazi wakionya kwamba msichana wa vyeti vingi hukosa mume, na wengine humtaja Wangari Maathai kama mfano. Basi tumtaje vizuri. Alipata shahada ya uzamifu Chuo Kikuu cha Nairobi mwaka wa 1971, mwanamke wa kwanza kufanya hivyo Afrika Mashariki na Kati, akiwa tayari ameolewa. Ndoa ilivunjika, kweli, wakaachana mwaka wa 1979. Lakini kulaumu vyeti ni uvivu wa kufikiri. Siku hizo hizo kulikuwa na wake wasiosoma kabisa walioachwa, na hakuna aliyesema wameponzwa na ujinga. Yeye alilea watoto wake, akaendelea na kazi yake ya kupanda miti, na mwaka wa 2004 akapewa Tuzo ya Nobel ya Amani.

Kuolewa peke yake hakuui kazi. Sheria ya Ajira ya 2007 inampa mama likizo ya uzazi ya miezi mitatu yenye mshahara kamili, na inakataza mwajiri kumbagua kwa sababu ya ujauzito. (Najua wapo waajiri wanaojifanya hawajaisoma.) Kinachoua kazi ni mambo ambayo hamkuyazungumza mkiwa bado mnapendana kwa amani. Nikipata kazi Kisumu, tutafanyaje? Mtoto akiugua Jumatatu, nani ataomba ruhusa kazini? Deni langu la mkopo wa masomo wa HELB litalipwa kutoka mfuko upi? Nikitaka kurudi darasani kwa shahada ya pili, utasemaje? Mwanamume anayekasirishwa na maswali haya leo hatafurahishwa nayo mkiwa na watoto wawili.

Kwa hiyo wewe ambaye nusu ya nguo ziko hosteli na nusu ziko kwake, nakuomba: kabla ya mitihani ya muhula huu, kaa naye chini umuulize anakuja kwenu lini. Akikujibu "tutaona," kusanya nguo zako, usisahau ile sufuria, urudi hosteli ukamalize masomo.