Linda Mizinga Yako, Nyegere Asiifikie



Umeamka asubuhi kwenda kutazama mizinga yako, na mmoja umeukuta chini. Kifuniko kimetupwa mbali, masega yametapakaa, na nyuki waliobaki wamejikusanya juu ya tawi. Fikira ya kwanza ni kwamba mwizi alikuja usiku, na pengine jina la jirani fulani limekujia kichwani. Ngoja kwanza. Usiseme neno mpaka uitazame ardhi.

Mtu mwizi huchukua asali na kuyaacha majana, yaani watoto wa nyuki. Nyegere hula vyote viwili, na majana huyapenda sana. Tazama mbao: kucha zake ndefu za mbele huacha mikwaruzo mirefu. Tazama udongo laini: kila unyayo una vidole vitano, na alama za kucha za mbele ziko mbali na vidole. Ukiyaona hayo, jirani yako hana hatia.

Nyegere ana miguu mifupi, mgongo wa kijivu au mweupe, na tumbo jeusi. Ngozi yake ni nene na legevu, basi miiba ya nyuki haimfukuzi upesi. Ni hodari wa kuchimba, na hupanda mti wenye gome la kukwaruza. Lakini si hodari wa kuruka, na kucha zake hazishiki bati laini. Hapo ndipo penye dawa. Fanya hivi:

1. Tundika mzinga wa mbao kwa waya kati ya nguzo mbili imara. Chini ya mzinga pawe juu ya ardhi zaidi ya meta 1.

2. Zungusha bati laini kwenye kila nguzo, upana wa futi 2 au zaidi. Ikiwa mzinga wako ni wa gogo na uko mtini, zungusha bati kwenye shina vivyo hivyo, kisha utundike mzinga kwa waya mbali na shina. Lifunge bati kwa waya, na kila mwaka ulegeze waya huo ili mti usinyongwe.

3. Kata matawi yanayogusa mti wa pili au mzinga. Ondoa magogo, mawe na majani marefu chini yake, nyegere asipate ngazi.

4. Funga kifuniko kwa waya. Mzinga ukianguka, usifunguke.

5. Usisahau kuku, maana nyegere huwala pia. Chimba mtaro wa futi 1 kuzunguka banda, ujaze mawe. Watu wa Juja na Ruiru hawana haja ya kwenda mbali kutafuta mawe: vipande vya mawe ya Ndarugo vyafaa.

Katika Afrika ya Kusini wafugaji wa nyuki walikuwa wakiwaua nyegere kwa mitego na sumu. Baadaye wengi walianza kuinua mizinga yao juu na kuifunga imara, wakaona hasara imepungua bila kumwua mnyama.

Wewe pia usitege sumu. Sumu haichagui: mbwa wako ataila, na mwewe atakula mzoga. Tena ni kuvunja sheria. Serikali ya Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, na Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2013 inaendelea kuwalinda wanyama. Kumbuka pia kwamba nyegere hula panya, fuko na nyoka. Akizidi kukusumbua, peleka habari kwa ofisi ya Huduma ya Wanyamapori iliyo karibu.

Mzinga mmoja uliovunjwa si hasara ya asali peke yake. Mvua ikinyesha na kahawa ya Thika na Ruiru ikitoa maua, nyuki husaidia maua mengi zaidi kushika tunda. Mkadamia nao huwahitaji wadudu hao. Bati na waya hununuliwa mara moja na kutumika miaka mingi.

Maswali ya kujipima:

Je, mizinga yako yote iko juu ya meta 1?

Je, kuna tawi ambalo nyegere aweza kulitumia kama daraja?

Je, ukikuta mzinga umeanguka kesho, utatazama nini kabla ya kumtaja mtu?