Punguzo la serikali, nani analipa?

Mwaka 2009 serikali ya Marekani ilitoa dola 3 500 ao 4 500 kwa mwenye kuleta gari ya zamani, yenye kunywa mafuta mengi, ili anunue mpya. Jumla karibu dola miliari 3. Makuta ya raia wote, hata asiye na gari.

Na kuko bei yenye haikuandikwa. Kila motere ilipashwa kuuawa: walitoa oili, wakatia dawa ya kugandisha, wakawasha mpaka ikakwama. Gari zenye zilikuwa zingali zinatembea! Maskini mwenye kutafuta gari ya okazio akakuta zimepunguka. Wanunuzi wengi waliharakisha tu. Kiisha mauzo yakashuka.

Kwa mkutano wenu: mbolea ikiuzwa nusu bei, nusu ingine analipa nani?