Tulinde kijito toka juu mpaka chini



Kule Kalehe, Kivu ya Kusini, vijito vinashuka toka milimani mpaka ziwa Kivu. Watu wanajenga na kulima karibu na maji, sababu udongo wa pale una mbolea. Tarehe 4 Mei 2023 mvua kali ilinyesha. Vijito vikajaa, vikashusha mawe na matope mpaka Bushushu na Nyamukubi. Nyamukubi ilikuwa siku ya soko. Watu zaidi ya 400 walikufa.

Mvua hatuwezi kuizuia. Lakini mlima bila miti haushike maji: yanateremka mara moja pamoja na udongo wetu. Basi tufanye hivi:

1. Tuache mita 10 kila upande wa kijito bila kulima. Pale tupande mianzi na matete. Mizizi inashika udongo, na matete tunakatia mbuzi.

2. Kwenye mteremko, tuchimbe mitaro ya kukata mlima, si ya kushuka nao.

3. Tusijenge nyumba wala soko pale kijito kinapotokea mlimani.

Wa juu asipolinda shamba lake, wa chini ndiye analipa. Kwa hiyo koperative za juu na za chini zikutane mbele ya mvua ya Septemba.